Kabla ya "haloo"

Bibi yangu mzaa mama hakujua kusoma, lakini alikuwa na simu. Ilikuwa kitochi cha Nokia chenye kurunzi kichwani, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwekea majina. Kwa kuwa herufi kwake zilikuwa mikwaruzo tu, tuliweka alama. Mjomba nilimwandika 111, mama 222, mimi mwenyewe 000. Simu ikilia bibi anainua kioo karibu na uso, anasema "vijiti" au "mabata" au "mayai", na sote nyumbani tunajua nani anapiga. Yakiwa mayai, mara nyingi hakupokea. Hakutakiwa kupokea. Nikimbipu mara moja jioni, nimefika salama. Nikimbipu mara mbili, mtu aje kituoni na baiskeli kwa sababu nina mzigo. Yeye akibipu mara moja, nimpigie nikipata vocha. Akibipu mfululizo, niache chochote ninachofanya.

Tulizungumza hivyo kwa miaka, na sidhani kampuni ya simu ilipata shilingi mia kutokana na mazungumzo yale. Wakati huo niliona ni ujanja wa kukosa hela. Nilipokuja kusoma jinsi mitandao ya simu inavyofanya kazi ndipo nilipoelewa kwamba bibi na mimi tulikuwa tunapita kwenye mlango ambao waliojenga nyumba hawakuuwekea bei. Na hatukuwa peke yetu. Sehemu kubwa ya utamaduni wetu wa simu, kubipu, meseji za "2po pamoja", kutuma pesa kwa nyota na reli, imejengwa kwenye ile sehemu ya mtandao inayofanya kazi bila mtu kusema haloo.

Tuanze na kitufe cha kijani. Ukikibonyeza, kinachosafiri kwanza si sauti. Simu yako inauambia mnara: mimi ni laini fulani, namtaka namba fulani. Mtambo unakagua kama laini ni halali na kama ina salio. Kisha unamtafuta unayemtaka. Unaweza kumpata kwa sababu simu iliyowashwa, hata ikiwa imelala mfukoni, hujitambulisha kwenye mtandao kila inapohama kutoka eneo moja kwenda jingine. Minara ya eneo aliko inamwita, simu yake inaitika, ndipo inapoanza kulia. Na ndani ya ujumbe uleule unaoifanya simu yake ilie ndimo inamosafiri namba yako. Hayo yote ni mazungumzo ya mashine kwa mashine. Mafundi huyaita ishara, na huyatofautisha na sauti.

Mswahili anaweza kulielewa jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ana hodi. Unasimama mlangoni, unapiga hodi, mwenye nyumba anaijua sauti yako kabla hajafungua. Habari imeshafika: fulani yupo nje. Kukaribishwa ndani, kukaa, kunywa chai, hiyo ni hatua nyingine. Kampuni za simu ziliamua kutoza chai na kuiacha hodi iwe bure. Saa ya malipo huanza kuhesabu pale ujumbe wa "amepokea" unaporudi kwenye mtambo, si kabla. Simu za mezani za zamani nazo zilikuwa na hodi, lakini ilikuwa hodi ya mtu bubu: kengele inalia na hujui ni nani. Simu ya mkononi ilipoonyesha namba ya mpigaji kwenye kioo, hodi ikapata sauti, na kubipu kukazaliwa siku hiyohiyo.

Kulikuwa na sharti jingine ambalo watu hulisahau. Kwetu anayelipa ni anayepiga. Anayepokea hakatwi kitu. Marekani mambo yalikuwa tofauti kwa miaka mingi: hata anayepokea alihesabiwa dakika zake, kwa hiyo kumwambia mwenzio "nipigie wewe" hakukuwa na faida kubwa. Mfumo wetu wa malipo ndio uliofanya iwe na maana kuhamisha gharama kutoka kwa asiyenacho kwenda kwa aliyenacho, na kubipu ndiyo njia ya kuihamisha.

Neno lenyewe linabadilika ukivuka mpaka. Tanzania tunabipu, Kenya wanaflashi, Rwanda wanabipa, na Waitalia nao wana lao, squillo. Mtafiti mmoja Mmarekani, Jonathan Donner, alikaa Rwanda akaisoma tabia hii kwa makini, na mwaka 2007 akachapisha alichokiona. Aliona bipu za aina tatu. Ipo inayosema nipigie. Ipo iliyopangwa maana mapema, kama ile ya kwangu na bibi. Na ipo isiyodai chochote ila kusema nakukumbuka. Aliona pia kwamba kuna adabu zake. Mwenye uwezo ndiye anayepiga. Bosi habipiwi. Na kijana anayemtaka msichana, akimbipu, ameshajiharibia.

Nimeisoma orodha ile nikiitikia kwa kichwa, maana ndivyo tulivyoishi bila mtu yeyote kutufundisha. Bipu ilipima watu. Ukibipiwa na mdogo wako aliye shuleni, unatabasamu unatafuta vocha. Ukibipiwa na mtu unayejua ana gari, unakaa unaitazama simu: huyu ananibipu mimi? Katika kitendo kimoja cha sekunde mbili mlikuwa mmeulizana nani ana hela, nani mkubwa, nani anamhitaji mwenzake. Na vocha ilikuwa kitu cha kuhesabiwa. Uliikwangua kwa ukucha au ubavu wa sarafu, polepole usije ukaifuta namba, ukaingiza tarakimu mojamoja. Palipotozwa kwa dakika, maneno ya sekunde sita yalikula dakika nzima, na watu walijifunza kuzungumza kama wanaofukuzwa.

Kwa kampuni, hili lilikuwa tatizo la kweli. Katika mfumo wa 2G, yaani kizazi cha pili cha mitandao ya simu za mkononi, masafa mamoja hukatwa vipande vinane vya muda, watu wanapokezana kwa kasi kiasi kwamba kila mmoja anajiona yuko peke yake. Mitandao mingi humtengea mpigaji kipande chake cha sauti mapema, wakati simu bado inalia, ili akipokelewa wasikilizane mara moja. Maana yake bipu ilikalia kiti cha abiria anayelipa, kisha ikashuka bila nauli. Zidisha kwa mamilioni jioni ya Ijumaa. Kule Kenya, Michael Joseph alipokuwa mkuu wa Safaricom aliwahi kusema hadharani kwamba Wakenya wana tabia za ajabu za kupiga simu, na kauli ile watu hawajaisahau. Nadhani alikosea kuita ajabu. Watu walikuwa wamesoma bei na kuijibu kwa akili.

Jibu lililokuja kuenea lilitoka Afrika Kusini. Mwaka 2000, kijana aliyekuwa akijifunza uhasibu ndani ya Vodacom, Nkosana Makate, aliwaza juu ya mchumba wake aliyekuwa chuoni bila salio. Akapendekeza huduma itakayomruhusu asiye na kitu kutuma ujumbe wa bure wenye maana moja: tafadhali nipigie. Mwaka uliofuata huduma ikaanza, wapinzani wao MTN nao wakaleta ya kwao wakati uleule, na baadaye ujumbe wa namna hiyo ukaenea bara zima. Kwa mtandao ni nafuu kubwa, maana ujumbe mfupi hauombi kiti cha sauti, na chini yake unaweza kubandikwa tangazo. Makate alidai malipo yake mahakamani kwa miaka, hadi Mahakama ya Katiba ilipompa haki mwezi Aprili 2016, na hata baada ya hapo mvutano juu ya kiasi uliendelea. India walikwenda mbali zaidi. Kampuni ya ZipDial ya Bangalore ilijenga biashara juu ya bipu: unabipu namba ya tangazo, simu inakatwa, kisha unaletewa unachotaka. Twitter waliinunua mwaka 2015.

Sasa tuje kwenye meseji, kwa sababu nayo inapita njia ileile ya ishara. Mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, alikaa nyumbani kwake Bonn mwaka 1985 akichapa sentensi za kawaida na kuhesabu herufi. Nyingi hazikufika 160. Akatazama kadi za posta na ujumbe wa teleksi, akaona watu hueleza mambo yao kwa ufupi uleule. Njia ya ishara ilikuwa na nafasi ya baiti 140 tu (baiti ni biti nane, na biti moja ni sifuri au moja ya kompyuta), na ukiandika kila herufi kwa biti saba badala ya nane, baiti 140 zinakuwa herufi 160 kamili. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na Neil Papworth, kutoka kwenye kompyuta. Ilikuwa salamu ya Krismasi. Simu iliyoipokea haikuwa na uwezo wa kujibu.

Kiswahili kilikuwa na bahati na bahati mbaya kwa pamoja. Bahati ni kwamba herufi zetu zote zimo kwenye zile za biti saba, hata alama ya ng'. Anayeandika kwa herufi za Kiarabu, kama ndugu zetu wa Oman, meseji yake inashuka hadi herufi 70, kwa sababu kila herufi inadai biti kumi na sita. Bahati mbaya ni urefu wa maneno. Kitenzi chetu hubeba sentensi nzima mgongoni: "nitakapokurudishia" ni herufi kumi na nane, zaidi ya sehemu ya kumi ya meseji. Ndipo vijana wakaanza kukata. Wakachukua C, ambayo kwa Kiingereza hutamkwa "si", wakapata "cjui", "cna", "cku". Wakachukua 2, wakapata "2taonana", "wa2", "ki2". Walimu walilalamika sana kuhusu lugha kuharibika, na ninawaelewa, kwa kuwa "cjui" ilianza kuonekana kwenye insha. Lakini tazama jinsi ilivyofanyika. Kijana anayeandika "wa2" ameikata lugha kwenye kiungo cha silabi, mahali pake hasa, na hajawahi kuambiwa silabi ni nini kwa njia hiyo. Halafu likaja "xaxa". Hili haliokoi herufi hata moja. Hapo ubanaji wa nafasi ulikuwa umekwisha kugeuka mtindo, na aliyeandika "xawa" alikuwa anakuambia umri wake.

Pesa ndiyo hadithi kubwa kuliko zote, na chanzo chake pia ni watu waliotangulia kampuni. Kabla ya huduma yoyote rasmi, mtu mjini alinunua vocha, akampigia ndugu yake kijijini na kumsomea tarakimu. Ndugu akampelekea mwenye duka tarakimu zile, mwenye duka akabaki na muda wa maongezi na kumpa fedha taslimu, akijikatia chake. Vodafone, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, walianza majaribio Kenya mwaka 2005 wakishirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu. Lengo lilikuwa wakopaji warudishe mikopo kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, waliosimamia kazi ile, wakaona wateja wanaitumia kwa mambo mengine: mtu anamtumia mkewe, anamlipa mwenzake deni, anaweka pesa asubuhi na kuitoa mwisho wa safari. Huduma ikaundwa upya kufuata tabia ile, na M-Pesa ikazinduliwa Kenya tarehe 6 Machi 2007. Tanzania ilifika 2008.

Kwetu ukitaka kuifungua unabonyeza nyota 150 nyota 00 reli. Hiyo pia ni njia ya ishara, lakini inafanya kazi tofauti na meseji. Meseji huhifadhiwa: simu ya mwenzako ikiwa imezimwa, kituo cha meseji kinaitunza mpaka aiwashe, kama mzigo ulioachwa kwa jirani. Menyu ya nyota na reli haihifadhiwi popote. Ni mtu amesimama mlangoni anaulizwa na kujibu papo hapo, herufi zisizozidi 182 kwa kila zamu, na akichelewa kidogo mlango unafungwa. Ndiyo sababu inakatika ukiwa umebakiza kuingiza namba ya siri.

Hili lilinipata kwenye kibanda cha wakala mwaka jana, nikitoa pesa ya hospitali. Niliingiza namba ya siri, kioo kikasema kuna tatizo la mtandao, menyu ikapotea. Nilikuwa tayari kurudia. Wakala, dada wa makamo mwenye daftari kubwa la mistari, akaniwekea mkono: "Usirudie kaka, subiri meseji." Tukasubiri. Dakika kama tatu baadaye meseji ikaingia kwangu na kwake, pesa imetoka. Ningerudia ningetoa mara mbili. Alichokijua dada yule kwa mazoea ndicho mhandisi angekieleza kwa mchoro: kukatika kwa menyu hakufuti agizo lililokwisha kufika. Mazungumzo yamekufa, lakini kazi inaendelea ndani ya mtambo, na meseji pekee ndiyo shahidi. Akaandika kwenye daftari, nikatia sahihi, akanihesabia.

Kwa kuwa meseji imekuwa shahidi, wezi nao wamehamia hapo. Kila Mtanzania mwenye laini amewahi kupata ule ujumbe: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Umekuwa sehemu ya mazungumzo yetu kiasi kwamba mtu akikudai unamtania kwa maneno hayohayo. Watu huuliza, nani mjinga wa kutuma pesa kwa mtu asiyemjua? Swali hilo linawaonea waliolizwa. Tazama ujumbe wenyewe. Hautaji kiasi, hautaji mtumaji, hautaji sababu. Una neno "ile". Katika Kiswahili "ile" huelekeza kwenye kitu ambacho mimi na wewe tunakijua tayari. Hela gani? Ile. Kama asubuhi ile umeahidi kumtumia fundi hela ya saruji, kichwa chako mwenyewe kinajaza kiasi, jina na sababu. Mwizi hahitaji kujua lolote juu yako. Anaurusha ujumbe kwa watu wengi, na kati yao daima yupo mwenye "ile" yake. Na jina tofauti halimshtui, kwa sababu sote tuna ndugu wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliokuja Tanzania mwaka 2019, ulikusudiwa kuziba mianya ya namna hii. Ujumbe bado unaingia.

Nafasi ya kabla ya haloo iliuzwa hata kwa wanamuziki. Badala ya kusikia mlio wa kawaida unaposubiri kupokelewa, unasikia wimbo uliolipiwa na unayempigia. Korea Kusini waliianza mwaka 2002, na nchini Kenya huduma hiyo inajulikana kwa jina la Skiza. Wapo wasanii waliopata kwenye sekunde zile za kusubiri kipato ambacho kanda na CD zilizorudufiwa mitaani hazikuwapa.

Leo vifurushi vimeua sababu ya kubipu. Dakika zipo, na zisipotumika zinaisha muda wake. 4G nayo ilijengwa kwa ajili ya data, si sauti, na ndiyo maana kwenye simu nyingi ukipigiwa alama ya 4G inashuka, intaneti inasinzia, hadi ukate: simu imerudi kwenye mtandao wa zamani kwenda kuchukua sauti. Marekani kampuni ya AT&T iliizima 2G yake mwanzoni mwa 2017. Kwetu bado ipo kwa sababu vitochi bado vipo, na kila mara nikisikia mipango ya kuzima mitandao ya zamani huwa nawaza wenye vijiti, mabata na mayai, ambao hakuna aliyewauliza.

Mama yangu sasa ana simu janja. Ananipigia kwa WhatsApp, ambayo kihandisi ni kitu kingine kabisa: inapita kwenye intaneti hadi kwenye seva za mbali, haina uhusiano na zile ishara za mnara, na inakula data hata kama ni kidogo. Yeye hayo hayamhusu. Jumapili alikuwa anarudi Muheza kutoka msibani. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, simu ikaita mara moja, ikakatika. Nikaendelea kukuna. Amefika.